Redio ya Land Rover ya Fizi

Fizi, tarehe 6 Juni 1981

Mujomba Bonaventure,

Juu ya bahasha nimeandika Citoyen Wilondja, jina lako la kienyeji, kama serikali inavyotaka, lakini humu ndani wewe ni Bonaventure wetu na mimi ni Pulchérie, mutoto wa dada yako. Salamu sana. Huku mlimani hatujambo. Maharagwe yamevunwa, baridi imeanza, na wagonjwa wa kikohozi wamejaa dispensaire mpaka barazani, na muuguzi ni mimi peke yangu. Mdogo wangu Félicité na mume wake mwalimu wamehamia nyumba ya bati karibu na shule. Mama yuko Lweba, anauza ndagala zake, wale samaki wadogo.

Sasa neno lenyewe. Mwezi wa nne tulimpakia mama mmoja, Constance, katika Land Rover ya dispensaire tumpeleke hospitali ya Baraka, uchungu ukiwa siku ya pili. Tulipofika chini, mto ulikuwa umefunika daraja. Ng'ambo, mwendo wa nusu saa kwa gari, Docteur Albert alikuwa na kitanda, vyombo na kila kitu, ila hakujua kama tupo. Tulikaa pale tangu saa sita mpaka saa kumi na moja. Constance alinishika mkono, kisha akauachia. Isidore, shofere wetu, alikuwa akiimba anapoendesha. Haimbi tena.

Kampani moja ya barabara imemaliza kazi na kuiachia hospitali redio zake za gari, zile Wafaransa wanaita sibi. Tunapewa mbili: moja ikae Baraka, moja katika Land Rover. Zipo za aina tatu. Kuna ndogo ya kushika mkononi, yenye mabetri yake ndani. Kuna kubwa yenye vitufe vingi, imeandikwa BLU. Na kuna ya kawaida, kanali arobaini za kusemea, kitufe kimoja cha sauti na kimoja cha kukata kelele. Wewe umefanya kazi ya redio melini miaka ishirini na miwili. Tuchague ipi? Tuifunge namna gani?

Lingekuwa jambo rahisi zaidi tukizungumza. Misheni ya Kalemie ina phonie, redio ile ya kuzungumza na watu wa mbali, na Baraka pia. Kila Jumamosi nashuka Baraka kuchukua dawa. Saa nne asubuhi nitakuita.

Pulchérie

*

Kalemie, tarehe 2 Julai 1981

Mupwa wangu Pulchérie,

Barua yako imefika na meli ya Jumatatu, imelowa pembe moja tu. Mimi ni mzima. Tangu mke wangu Marie alipotutoka nyumba imekuwa kubwa, lakini nina bustani ya nyuma na nina saa za watu za kutengeneza. Kazi ya melini nimeiacha, kama ulivyosikia. Macho yangu bado ni mazuri.

Nimesoma habari ya Constance mara mbili. Sitaongeza neno juu yake, tufanye kazi.

Ile ya mkononi iache. Sauti yake inafika shambani kwa jirani, basi. Ile ya BLU inakwenda mbali, ni kweli, lakini inataka mtu aliyekaa kwenye kiti, anazungusha kitufe taratibu kama anayefungua kidonda cha mgonjwa. Redio ya gari ni ya mtu mwenye mkono mmoja juu ya usukani na tope kwenye vidole. Chukueni ya kawaida, zote mbili za aina moja, ili ya huku ikiharibika tuipime kwa ya kule.

Ila ujue jambo moja usije ukalaumu redio bure: sibi haivuki mlima. Inakwenda mbele kama jicho. Ukiwa Fizi huwezi kuona Baraka, basi hata redio haitaiona. Muulize Isidore ni kona gani ya barabara mtu anaanza kuona ziwa na mabati ya Baraka. Kona hiyo ndiyo ofisi yenu ya posta. Pale gari litasimama na kuita, kabla ya kushuka mtoni.

Nijibu haya: batri ya gari ni volti ngapi? Injini ni ya mazutu, ile dizeli, au ya esansi? Mgonjwa analala upande gani? Na muombe Docteur Albert, katika vitu vya kampani lazima kuna kipimo kidogo chenye sindano, cha kupimia antena. Asikitupe.

Umeandika kwamba dada yangu Dorothée anauza ndagala. Hukuandika kwamba ananisalimu.

Bonaventure

*

Fizi, tarehe 9 Agosti 1981

Mujomba,

Hatujambo, isipokuwa jino la Isidore ambalo nimeling'oa Jumanne. Félicité anakusalimu, ana habari njema tumboni, atajifungua Januari. Mvua bado, vumbi limegeuza majani ya ndizi kuwa mekundu.

Nimekuita Jumamosi tatu. Sista wa Kalemie alinijibu kila mara kwamba ametuma mtu mpaka mlangoni kwako, ukaonekana umekaa bustanini, ukapunga mkono, hukuja. Najua safari ya kwenda misheni ni ndefu kwa jua la kiangazi. Lakini mara tatu, Mujomba?

Majibu yako haya: batri volti kumi na mbili. Injini ya mazutu. Mgonjwa analala nyuma, kichwa upande wa shofere. Kona ya kuona ziwa ipo, Isidore anaijua, kuna mti ulioungua na radi. Kipimo chenye sindano kimepatikana.

Tumechukua za kawaida kama ulivyosema. Lakini antena imetushinda. Ni ndefu kama fimbo ya kuvulia, na chini ina sumaku nzito ya kukaa juu ya bati. Isidore aliiweka juu ya gari, ikaanguka. Akaiweka juu ya boneti, ikaanguka. Akaniambia, "Mama infirmière, sumaku hii imekufa, batu ba kampani babaya, bametuachia maiti." Lakini ilipoanguka ilinasa kwenye jembe la mlinzi, tukahangaika kuibandua.

Pulchérie

*

Kalemie, tarehe 30 Agosti 1981

Mupwa wangu,

Nimecheka peke yangu mpaka jirani akachungulia. Mwambie Isidore sumaku ni hai, gari ndilo si chuma. Land Rover mwili wake ni aluminium, ndugu wa sufuria. Sumaku haina habari nayo.

Fanyeni hivi. Fundi akate kipande cha chuma, akikunje kama kiwiko, akifunge kwa bulonzi mbili, zile boliti, katikati ya paa, siyo kwenye bampa. Antena inapenda kuwa na bati pande zote, kama mtu aliyesimama katikati ya uwanja. Pale chuma kinapogusa paa, kwangueni rangi mpaka aluminium ing'ae. Rangi ni ukuta.

Waya wa umeme usichukuliwe kwenye taa wala kwenye ufunguo. Uende moja kwa moja kwenye batri, na fyuzi iwe karibu na batri yenyewe, ili waya ukichubuka barabarani gari lisiungue na mgonjwa ndani. Redio ifungwe chini ya dashibodi, kulia kwa goti la shofere, mikro ya kusemea aifikie bila kutazama.

Halafu kipimo. Anaita mmoja, mwingine anatazama sindano. Ikisimama kabla ya moja na nusu, vizuri. Ikipita tatu, acheni, antena si ya urefu wake. Ishusheni kidogo kidogo. Usiniandikie sauti ilikuwaje. Niandikie sindano ilisimama wapi.

Na neno hili lisomeni mara mbili: msibonyeze mikro hata mara moja kabla antena haijafungwa. Redio isiyo na antena inajichoma yenyewe.

Jumamosi nilikuwa na wageni.

Mbona hukunijibu juu ya dada yangu?

Bonaventure

*

Fizi, tarehe 18 Oktoba 1981

Mujomba Bonaventure,

Salamu. Mvua zimeanza. Félicité miguu inavimba jioni, namwangalia.

Barua yako ya Agosti nimeipata tarehe kumi na mbili ya mwezi huu, bahasha imefungwa tena kwa gundi isiyo yako. Kwa hiyo lile neno la kusoma mara mbili tulilisoma tukiwa tumechelewa. Isidore aliwasha redio juu ya meza ya dispensaire, bila antena, akabonyeza kuona kama taa inawaka. "Nilibonyeza tu kidogo," alisema, "sawa mutu anagonga mulango." Sasa antena iko juu ya paa, bulonzi mbili, rangi imekwanguliwa. Tulipofika konani Docteur Albert alituita kutoka Baraka na tukamsikia vizuri sana. Tukamjibu, naye hakupata kitu. Sindano haitoki mahali pake. Redio yetu inasikia, haisemi.

Halafu Isidore hakuwepo kazini siku nne. Amerudi. Ana miguu mibaya kidogo lakini anaendesha. Antena ndefu katika milima hii inaulizwa maswali. Sasa Docteur Albert amepata karatasi yenye muhuri wa zone, ofisi ya wilaya, imebandikwa kwenye kioo. Mengine nitakueleza kwa mdomo.

Nilitaka niishie hapo, lakini leo ni Jumapili na nimechoka kukaa na neno hili kifuani. Unauliza juu ya mama. Mama hakusalimu kwa sababu mwaka jana, mwezi wa saba, alikuja Kalemie na mizigo yake. Ulikuwa unapita bandarini na kofia yako ya melini. Alikuita kwa jina mara tatu mbele ya wanawake wenzake. Hukugeuka. Wakamwambia, "Kumbe kaka yako mukubwa hivi, hasikie tena batu ba ndagala." Alirudi na meli ileile. Hajataja jina lako tangu siku hiyo, na mtu akilitaja mbele yake, yeye anahamisha kiti.

Nami nimekuita Jumamosi tatu. Unatufundisha kusema na watu wa mbali, Mujomba. Sisi tumekukosea nini?

Pulchérie

*

Kalemie, tarehe 5 Novemba 1981

Pulchérie,

Leo sianzi na bustani.

Sisikii. Siyo kwamba nasikia kidogo. Sikio la kushoto lilikwenda kwanza, miaka mitano iliyopita, na la kulia likalifuata. Miaka ishirini na miwili nilikaa karibu na injini na vikopo vya kusikilizia masikioni, kelele ndani na kelele nje. Mwanzoni nilisoma midomo ya watu, na melini walidhani mimi ni mtu wa kufikiri sana. Kisha siku moja ya upepo tishari lenye abiria lilituita mara nyingi, nami nilikuwa nimevaa vikopo, natazama dirishani, nimetulia kama mfalme. Nahodha aliliona kwa macho yake, akageuza meli. Hakufa mtu. Nilivua vikopo nikaviweka mezani, na kesho yake nikaandika barua ya kuacha kazi. Niliandika kwamba ni mgongo.

Marie alijua. Alikuwa masikio yangu. Akinigusa bega, najua kuna mtu mlangoni. Alipokufa sikumwambia mwingine yeyote. Nilisema nitamwambia Dorothée, kisha nikasema siku nyingine. Mtu wa redio asiyesikia ni kitu cha kuchekesha, na mimi sikutaka kuchekwa.

Mtu wa sista nilimwona akisimama kwenye ua na kusema kitu. Nilijua ni phonie. Ningefanya nini mbele ya phonie? Nilipunga mkono.

Lakini bandarini sikumwona dada yangu. Naapa kwa kaburi la mama yetu. Laiti angenivuta shati.

Redio ifungeni vizuri katika blanketi mnitumie kwa meli, pamoja na karatasi ya ruhusa. Kilichoungua ni kidude kimoja kama ukucha, ninacho kingine. Mwambie Isidore simlaumu. Umeandika siku nne na miguu mibaya, na nimeelewa. Kwa mdomo haitasaidia. Ukipenda, andika, na usipopenda, acha.

Dorothée usimwambie. Niachie nimwandikie mwenyewe.

Bonaventure

*

Kalemie, tarehe 10 Desemba 1981

Mupwa wangu,

Redio hiyo, na karatasi yake iko juu kabisa ili wa forodha wasifungue hata blanketi. Nimebadilisha kidude. Nimeipima mezani: nilifunga balbu ndogo mahali pa antena, nikabonyeza, nikasema "Baraka, Baraka, huku Fizi." Balbu iliwaka, na niliposema kwa nguvu iliwaka zaidi. Nilikaa pale nusu saa nasema mambo mengi.

Mafunzo ya mwisho. Bonyeza, hesabu moja, ndipo useme. Maneno machache, halafu achia kidole. Ukikishikilia humsikii mwenzako. Kelele zikijaa, zungusha kile kitufe cha kuzikata mpaka zinyamaze, usipite hapo, utawakata na watu. Usipojibiwa, usipige kelele: sogeza gari hatua thelathini. Mawe ya mlima yana kivuli.

Barua ya Dorothée nimeianza mara tatu.

Bonaventure

*

Fizi, tarehe 24 Januari 1982

Mujomba wangu,

Sote tu wazima, na leo neno hilo si la desturi. Tumeongezeka mmoja.

Jumanne ya tarehe kumi na mbili Félicité alikuwa na uchungu tangu jana yake. Asubuhi nilipompima nilikuta mkono wa mtoto umetangulia. Siwezi kumgeuza mtoto huyo hapa Fizi. Tulimlaza nyuma ya gari, mume wake kamshika kichwa, mvua inapiga paa mpaka hatusikilizani. Nilimwona Isidore anatazama chini upande wa mto, kule alikofia Constance.

Konani akasimama. Akabonyeza, nikaona midomo yake inahesabu moja. "Baraka, Baraka, huku Fizi. Iko mama ndani, mutoto amekaa mubaya." Akaachia. Kelele tu. Akaita tena, na tena. Félicité alilia nyuma, na mume wake akaanza kumpigia Isidore kelele ashuke tu, ashuke mtoni, Mungu atajua. Nami, Mujomba, nilitaka kusema vilevile. Isidore akanitazama. "Mujomba yako alisema hatua makumi tatu." Akasogeza gari mpaka gurudumu likawa kwenye ukingo. Akaita mara ya nne.

Docteur Albert akajibu. "Fizi, nawasikia. Daraja limechukuliwa jana. Msisimame, shukeni polepole, sisi tunatoka sasa hivi."

Tulipofika mtoni walikuwa wamefika ng'ambo na lori, mtumbwi juu yake, kamba imeshafungwa kwenye mti, na wanaume kumi wako majini mpaka kifuani. Walimvusha Félicité amelala, nami nimepiga magoti kichwani pake. Sikuona maji, nilitazama uso wake tu. Saa nane alipasuliwa. Ni msichana, mkono wake ulikuwa mweusi siku mbili, sasa unashika kidole changu. Isidore hakuweza kuvuka na gari. Alirudi konani, akabaki peke yake kwenye mvua mpaka Docteur alipomwambia redioni kwamba wote wawili wanapumua. Wanasema alijibu neno moja tu, nalo halikueleweka.

Sasa nikuombe msamaha. Mama alikuwa Baraka siku hiyo, amekuja na samaki. Alikuwa hospitali akiuza wito ulipofika, akasimama mbele ya redio akasikia sauti ya Isidore, na nyuma yake mutoto wake analia. Baadaye, tulipokuwa tumekaa, aliuliza nani alifanya sanduku lile liseme. Nikasema ni Mujomba Bonaventure. Akahamisha kiti. Hapo nikashindwa kushika neno lako. Nikamwambia yote: vikopo, tishari, Marie, bandari.

Mama akasema, "Kumbe hakusikia." Akasema tena, "Hakusikia." Akakaa chini kwenye saruji, mama mtu mzima, akafunika uso na kitenge. Nilidhani analia, na alikuwa analia, lakini pia alikuwa anakasirika: miaka mitano, na hukumwambia yeye dada yako!

Anataka kuandika mwenyewe. Nampa kalamu.

Bonaventure. Iko mi Dorothée. Mwandiko yangu iko mubaya lakini macho yako iko muzuri, soma. Nilikukasirikia bure na we ulinificha bure, tuko sawasawa. Mutoto bamemuita Marie. Mi nakuja na meli ya mwezi wa pili. Usiseme uko na wageni. Niko na mambo mingi ya kukuambia.

*

Kalemie, tarehe 20 Februari 1982

Mupwa wangu Pulchérie,

Nawasalimu wote: wewe, Félicité na mume wake, na Marie mdogo. Isidore nampa mkono, na nataka umwambie kwamba katika miaka yangu yote melini sikumwona mtu aliyesogeza chombo chake vizuri kuliko alivyosogeza gari lile.

Mama yako amefika Jumanne. Ameng'oa nusu ya bustani yangu kwa sababu niliipanda vibaya. Amehamisha kitanda. Amewaambia majirani wote kwamba sisikii, nyumba kwa nyumba, na hakuna aliyecheka; mmoja alileta kuku. Ile barua niliyoianza mara tatu ameikuta chini ya saa, ameisoma, ameikunja, ameitia kifuani, hakuirudisha.

Tuna daftari la shule kwa mambo ya lazima, lakini kulitumia anachoka. Jioni anakaa mbele yangu, ananishika goti, na anaongea. Anaanza giza likiwa bado halijaingia na ananyamaza chakula kikiiva. Naona midomo yake. Meno mawili yamekwenda, kwa hiyo sishiki hata neno moja. Mwambie Docteur Albert asihangaike kumtafutia meli ya kurudi.

Bonaventure